Niingie katika uwakili wa mirathi, au nitafute tawi jingine la sheria?

"Nimemaliza shahada ya sheria na sasa niko katika mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi ya mawakili. Kitengo cha mirathi na uandaaji wa wosia kina nafasi, na mkuu wake ameniambia ni yangu nikiitaka. Wenzangu wananicheka, wanasema hiyo ni kazi ya kujaza fomu na kungoja watu wafe, na kwamba programu za kompyuta zitaimaliza kabla sijafika mbali. Hofu yangu mimi ni nyingine: sijui kama nina moyo wa kukaa kila siku kati ya ndugu wanaogombania mali ya marehemu. Je, hii ni kazi ambayo mtu anaweza kuitegemea maishani? Na jambo dogo la mwisho: shangazi yangu, baada ya kusikia habari hizi, ameniomba nimwandikie wosia, na amenidokeza kwamba hatanisahau ndani yake. Nianze na huo?"

Ndugu msomaji, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona kuwa unauliza kama tawi hili lina uzito wa kutosha kumlea mwanasheria mwenye bidii, kama litadumu, na kama wewe mwenyewe utalistahimili. Nimefanya kazi hii muda mrefu wa maisha yangu ya uwakili, kwa hiyo usitarajie kuwa sina upendeleo. Lakini nitajitahidi kukueleza na yale ambayo wakuu wa vitengo hawapendi kuyasema wanapotafuta vijana wa kuwasaidia.

Wenzako hawakusema uongo mtupu. Fomu zipo, tena nyingi, na kuna wiki ambazo hutafanya lingine ila kuwaandikia mabenki na kungoja majibu. Walichokosea ni kudhani kuwa fomu ndiyo kazi. Ili uone kazi yenyewe ilipo, ni lazima tuanze na sababu inayofanya kazi hii iwepo.

Mtu anapofariki, mali yake haiondoki na madeni yake hayafutiki, ila yule aliyekuwa akitia saini hayupo tena. Benki haiwezi kumkabidhi mwanawe fedha kwa sababu tu amefika na cheti cha kifo, maana kesho anaweza kutokea mwingine na nakala ya cheti hichohicho. Mpangaji hajui kodi ya nyumba amlipe nani, na mtu aliyekwisha kulipa nusu ya bei ya kiwanja hajui nani atamhamishia hati. Nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza huziba pengo hili kupitia mahakama: palipo na wosia, mahakama huuthibitisha na kumtambua msimamizi aliyetajwa ndani yake, pasipo na wosia, humteua msimamizi kwa mpangilio uliowekwa na sheria. Huyo hukusanya mali, hulipa gharama za mazishi, madeni na kodi, kisha hugawa kilichobaki na kutoa hesabu ya kila alichopokea na kutoa. Katika nchi zenye mfumo wa kiraia, kama Ufaransa, warithi huingia moja kwa moja mahali pa marehemu, na mambo mengi hupitia kwa notari, ambaye ni afisa wa sheria aliyepewa mamlaka ya kuandika na kuhifadhi hati. Kwa hiyo, kabla hujaamua lolote, hakikisha unajua kazi hii nchini kwako iko mikononi mwa nani na kwa kiasi gani.

Sasa chukua fomu moja tu, ile ya orodha ya mali. Mbele yako pana jalada lenye hati ya nyumba, kitabu cha benki, barua ya mwajiri kuhusu kiinua mgongo, mkataba wa bima ya maisha na cheti cha hisa za kampuni ndogo ambayo marehemu aliianzisha na rafiki yake. Karani asiye na ujuzi ataviandika vyote. Wewe itakubidi uulize kwanza: nyumba ilimilikiwa kwa namna gani? Ikiwa ni umiliki wa pamoja ambao humwachia aliyebaki hai, nyumba hiyo haiingii katika mirathi hata kama wosia umeitaja kwa jina. Bima inamtaja nani? Ikiwa marehemu aliandika jina la mnufaika miaka mingi iliyopita na hakulibadilisha, huenda fedha zikamwendea mtu ambaye familia haitaki hata kumsikia, na wosia hautaweza kuzirudisha. Kiinua mgongo kinaongozwa na kanuni za mfuko gani? Hisa zinaweza kurithiwa bila ridhaa ya mwanahisa mwenzake, au katiba ya kampuni inasema vinginevyo? Kwa jalada hilo moja umegusa sheria ya ardhi, ya bima, ya hifadhi ya jamii na ya makampuni, na bado hujamfikia mdai wa kwanza. Ndiyo maana husemwa kuwa mwanasheria wa mirathi ni miongoni mwa wachache wanaolazimika kukumbuka karibu kila somo walilosomeshwa.

Upande wa pili wa kazi ni wa walio hai, na kwa maoni yangu ndio mgumu zaidi: kumwandalia mtu wosia, na pengine amana (yaani mali inayowekwa mikononi mwa mtu aishike kwa faida ya mwingine), pamoja na hati ya kumpa mwingine mamlaka ya kusimamia mambo yake endapo atapoteza uwezo wa kuamua. Mteja huja amejiandaa kusema sentensi moja, kwamba mali yake yote iende kwa mke wake na watoto. Kazi yako ni kumwuliza yale ambayo hakupanga kuyafikiria. Mtoto wako akitangulia kufariki wewe ukiwa hai, fungu lake liende kwa watoto wake au lirudi kwa ndugu zake? Yuko mtoto ambaye mke wako hamjui? Yule uliyemkopesha fedha za kujengea, unamsamehe deni au likatwe katika fungu lake? Nani atamlea mdogo, na huyo umekwisha kumwomba? Utaona jinsi mtu anavyonyamaza katika baadhi ya maswali, na mara nyingi ukimya huo ndio unaokuonyesha mahali ambapo ugomvi utazuka baada ya miaka ishirini.

Kisha huja siku ya kutia saini, ambayo wageni wa kazi hii huidharau. Sheria ya Wosia ya Uingereza ya mwaka 1837, ambayo imezaa sheria za nchi nyingi, inataka mwenye wosia atie saini, au akiri saini yake, mbele ya mashahidi wawili waliopo kwa wakati mmoja, nao watie saini zao mbele yake. Sheria hiyohiyo inasema kuwa shahidi aliyeachiwa kitu katika wosia, au ambaye mwenzi wake ameachiwa, hupoteza zawadi hiyo hata kama wosia wenyewe unabaki halali. Kwa hiyo wakili makini huwatoa nje watoto na jamaa walioleta mzee ofisini, huleta mashahidi wasiohusika, humwomba mteja aeleze kwa maneno yake mwenyewe kilichomo katika karatasi, na hahakikishi tu kwamba kila mtu ametumia jina lake kamili, bali pia kwamba hakuna aliyetoka kupokea simu katikati ya shughuli. Baada ya hapo pini iliyobana kurasa haing'olewi, hata kwa ajili ya kutoa nakala, kwa sababu matundu ya pini yaliyoachwa wazi yanaweza kumfanya msajili aulize ni ukurasa gani uliochomolewa.

Nimekaa juu ya mambo haya madogo kwa makusudi, kwa kuwa hapa ndipo tawi hili linapotofautiana na mengine yote. Mkataba ukiandikwa vibaya, waliouandika wanaweza kuitwa wakaulizwa walikusudia nini. Wosia hufunguliwa wakati mtu pekee aliyejua jibu amekwisha kuzikwa. Kila ulichokiacha nusu nusu kitasomwa na watu wenye maslahi yanayogongana, na huenda wewe mwenyewe ukawa umestaafu. Ukiwa mtu wa kuridhika na rasimu inayoelekea kufaa, tawi hili litakuumiza. Ukiwa mtu wa kurudia sentensi mpaka isibaki na maana mbili, utaona kwamba limekungoja wewe.

Swali la uwezo wa akili lina historia yake ambayo utakutana nayo mapema. Katika shauri la Banks dhidi ya Goodfellow la mwaka 1870, mahakama ya Uingereza iliamua juu ya wosia wa mtu ambaye aliamini kuwa marehemu fulani na pepo wabaya walikuwa wakimwandama, lakini ambaye wosia wake haukuguswa na imani hiyo. Wosia ulikubaliwa. Kipimo kilichowekwa pale bado kinatumika katika nchi nyingi: je, mwenye wosia anaelewa kwamba anafanya wosia na matokeo yake ni nini, anajua kwa jumla mali aliyonayo, anawakumbuka wale wanaostahili kufikiriwa, na je, hana ugonjwa wa akili unaopotosha mapenzi yake kwao? Uzee peke yake haumwondolei mtu haki ya kuusia, wala kusahau tarehe ya leo. Lakini mteja akiwa mgonjwa au mzee sana, desturi njema ni kumwomba daktari ampime na kuandika maoni yake siku hiyohiyo, nawe uandike kumbukumbu ya maswali uliyouliza na majibu yake. Kumbukumbu hiyo ya ukurasa mmoja inaweza kuwa ndiyo itakayoiokoa familia na kesi.

Kuhusu programu za kompyuta, wenzako wana hoja kwa kiasi, na sitakuficha. Wosia wa mtu mwenye mke mmoja, watoto wakubwa na nyumba moja unaweza kuandikwa leo kwa msaada wa programu, na mtu hatakuwa tayari kumlipa wakili ada kubwa kwa kazi hiyo. Rasimu ambazo sisi tulijifunzia, zile za kunakili vifungu kutoka kitabu cha vielelezo, zinapungua, na hii ina maana kwamba kijana wa leo ni lazima apate mafunzo yake mahali pengine. Ila tazama matatizo yanakotoka. Alfred Nobel aliandika wosia wake mwenyewe bila wakili na kuutia saini jijini Paris tarehe 27 Novemba 1895. Sehemu kubwa ya utajiri wake aliiacha iwe mfuko wa kutoa tuzo, bila kutaja chombo kilichopo cha kuupokea na bila kuwauliza wale aliowapa kazi ya kuchagua washindi kama wamekubali. Alipofariki Desemba 1896, jamaa zake walipinga, palizuka hoja ya nchi ipi ilikuwa makazi yake ya kisheria, na wasimamizi wawili walihangaika kwa miaka kadhaa. Kanuni za taasisi ya kusimamia mfuko huo ziliidhinishwa Juni 1900 na tuzo za kwanza zikatolewa 1901. Akili ya mwandishi haikuwa na kasoro. Alikosa mtu wa kumwuliza, "Na hao uliowataja wakikataa, itakuwaje?"

Mwimbaji Aretha Franklin alifariki mwaka 2018, na familia ikadhani hakuacha wosia. Baadaye yakapatikana maandishi ya mkono wake nyumbani kwake, mengine katika daftari lililokuwa chini ya mito ya kochi. Ilihitaji baraza la wazee wa mahakama huko Michigan, mwaka 2023, kuamua kwamba maandishi ya 2014 yalikuwa wosia halali. Hakuna programu ambayo ingemzuia asiandike kwenye daftari. Programu huuliza una watoto wangapi. Haioni kwamba umesita kabla ya kujibu. Nionavyo mimi, kazi rahisi itazidi kuwa ya bei ndogo au itatoweka kabisa, na kazi ya familia zenye ndoa zaidi ya moja, biashara za pamoja, mali katika nchi mbili au mtoto mwenye ulemavu itabaki na hata kuongezeka. Jipange kwa hiyo ya pili.

Hapo ndipo unapohitaji kusoma zaidi ya sheria moja. Ukimwandalia Mwislamu wosia, ni lazima ujue kuwa kwa madhehebu ya Sunni mafungu ya warithi yamekwisha kupangwa, na kwamba wosia hauwezi kuvuka theluthi moja ya kinachobaki baada ya mazishi na madeni, wala kumpa mrithi nyongeza bila ridhaa ya warithi wengine. Mteja mwenye nyumba Ufaransa atashangaa kusikia kwamba kule mzazi wa mtoto mmoja ana uhuru juu ya nusu tu ya mali yake, wa watoto wawili juu ya theluthi, na wa watatu au zaidi juu ya robo. Si lazima uwe bingwa wa mifumo yote. Ni lazima ujue mahali ujuzi wako unapoishia na nani wa kumpigia simu. Lipo pia shirika la kimataifa la wataalamu wa tawi hili, STEP, lililoanzishwa mwaka 1991, ambalo hutoa mafunzo na vyeti, ingawa ningekushauri usikimbilie vyeti kabla hujashika majalada halisi.

Tuje kwenye hofu yako ya ugomvi, nayo ni ya haki. Nitakwambia nilichokiona: ndugu hawaanzi kugombana juu ya nyumba. Huanza juu ya nani alimuuguza mama, nani hakuja mazishini, nani alisomeshwa kwa fedha za nani, na nyumba huwa ni mahali pa kuegeshea hasira hizo. Nimeona kikao cha saa nzima kikizama kwa sababu ya cherehani ambayo haikuwa na thamani ya nauli ya wale waliokuja kuigombania. Ukijaribu kuwapatanisha juu ya historia ya maisha yao utashindwa, na wala hukuajiriwa kwa kazi hiyo. Unachoweza kufanya ni kuwaeleza mapema na kwa maandishi hatua zinazofuata, muda wake, nini kinalipwa kwanza na kwa nini, na kuwapa hesabu kabla hawajaiomba. Ukimya wa msimamizi na wakili wake huzaa tuhuma nyingi kuliko wizi wenyewe. Na ugomvi ukiwa umekwisha kuzaliwa, wakumbushe kwamba gharama za kesi zinaweza kutoka katika mali ileile wanayoigombania. Mirathi ya tajiri mmoja wa Uingereza, William Jennens, aliyefariki mwaka 1798, ilibaki mahakamani hadi 1915, na inasemekana kuwa fedha zote ziliishia katika gharama.

Kitakachokulinda zaidi moyoni ni kujua wakati wote mteja wako ni nani. Ukimwakilisha msimamizi, wewe si wakili wa warithi, hata kama wote wanakuita mwanangu na kukuletea siri zao. Waambie hivyo siku ya kwanza. Ukimwandalia mzee wosia, mteja ni mzee, si binti aliyempeleka na kulipa ada. Mume na mke wakija pamoja, kubalianeni mapema kwamba hakuna siri ya mmoja utakayoificha kwa mwenzake, na wakitofautiana, mmoja wao atafute wakili mwingine.

Kwa sababu hiyohiyo, usimwandikie shangazi yako wosia. Najua unamaanisha wema, naye pia. Lakini mtu anayeandika wosia ambao yeye mwenyewe ananufaika nao huiamsha shaka ya mahakama, na mzigo wa kuthibitisha kuwa shangazi alijua na kuridhia kilichoandikwa huenda ukakuangukia wewe, wakati yeye hayupo tena kukutetea. Maadili ya uwakili katika nchi nyingi hukataza jambo hilo au huliwekea masharti makali, na kwa mtu aliye katika mafunzo, kuandika hati bila usimamizi kunaweza kukugharimu leseni ambayo hujaipata bado. Mweleze kwa heshima kwamba unamkatalia kwa sababu unamjali. Mpe majina ya mawakili wawili au watatu wasio wa ofisi yenu, achague mwenyewe, aende bila wewe, wala usimwulize baadaye aliandika nini. Na asikawie. Mwaka 1986 huko Uingereza, baba aliyekuwa amewafuta binti zake wawili katika wosia alipatana nao, akaagiza mwezi Julai uandikwe wosia mpya wa kumwachia kila mmoja pauni 9,000. Ofisi ya mawakili ilichelewa, naye akafariki katikati ya Septemba kabla ya siku ya miadi. Katika hukumu ya shauri hilo, White dhidi ya Jones, mwaka 1995, Baraza la Malordi, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya juu kabisa kule, liliamua kuwa wakili aliwajibika kuwafidia mabinti, ingawa hawakuwahi kuwa wateja wake. Mawakili wa tawi hili huisoma hukumu hiyo kama onyo la kila siku, kwa maana kosa lililofanyika pale halikuwa la ujinga wa sheria. Barua iliachwa mezani.

Umeuliza kama kazi hii inaweza kutegemewa. Inaweza, ila polepole. Wosia huingiza kidogo, na ofisi nyingi huuandaa kwa ada iliyopangwa ambayo haitoshi kulipia saa zote za mazungumzo. Mapato makubwa hutoka katika usimamizi wa mirathi, katika amana na katika mashauri. Namna ya kulipwa hutofautiana sana. California, kwa mfano, sheria imeweka ada ya wakili kwa asilimia, kuanzia asilimia 4 ya dola 100,000 za kwanza na kushuka kadiri mali inavyokua, tena kwa thamani yote bila kupunguza mkopo uliomo juu ya nyumba. Kwingine hutozwa kwa saa, au mahakama hukagua kama ada ni ya haki. Jiulize mapema kama unaweza kumweleza mjane ankara yako ukiwa umemtazama usoni. Wateja wa tawi hili hawaji kila mwezi, bali hurudi baada ya miaka, na huleta ndugu zao, kwa hiyo mtu mwenye haraka ya kutajirika atavunjika moyo katika miaka ya mwanzo. Faida yake ni kwamba jina jema likishajengeka haliporomoki kwa urahisi, na kazi hupatikana hata uchumi unapodorora.

Nafasi uliyopewa si njia pekee. Mabenki na kampuni za udhamini huajiri wanasheria wa kusimamia amana, na huko mshahara ni wa uhakika lakini utaona upande mmoja tu wa kazi. Masjala ya mahakama na ofisi za serikali zinazosimamia mirathi isiyo na mtu hufundisha utaratibu kuliko mahali pengine popote, ingawa hutawashauri wateja. Ofisi ndogo ya mawakili itakupa kila kitu kwa wakati mmoja, pamoja na hatari ya kukosa wa kukusahihisha. Kati ya hizo, kitengo chenye mkuu mwenye subira ya kusoma rasimu zako mstari kwa mstari ndicho ningekichagua, na ningekichagua hata kama malipo ni pungufu.

Ukikubali, omba uanzie kwenye usimamizi wa mirathi kabla ya kuandika wosia hata mmoja. Ofisi nyingi hufanya kinyume, kwa kuwa wosia unaonekana rahisi kumpa kijana. Mimi naona si sawa: ukishahangaika miezi kadhaa na wosia uliosema "vyombo vyangu vya ndani wagawane vizuri," au uliomteua msimamizi mmoja tu ambaye amekwisha kufariki, hutahitaji kufundishwa tena kwa nini pawe na msimamizi wa akiba. Omba pia majalada matano au sita yaliyofungwa, uyasome kuanzia barua ya kwanza hadi hesabu ya mwisho, na uandike pembeni mahali kila moja lilipokwama. Nenda ukakae na makarani wa masjala. Wao ndio wanaojua kwa nini maombi hurudishwa.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kuyajibu kutoka hapa. Masharti ya leseni, kanuni za maadili na mipaka ya kazi ya mwanafunzi yaulize kwa chama cha mawakili cha nchi yako, ana kwa ana na ikiwezekana kwa maandishi. Kuhusu moyo wako, omba mkuu wa kitengo akuruhusu uhudhurie kikao cha familia na siku moja ya kutia saini wosia kabla hujamjibu, kisha zungumza na wakili wa tawi hili ambaye hana haja ya kukuajiri. Na kama wewe mwenyewe umefiwa hivi karibuni, au mirathi ya kwenu bado ina ugomvi, mwambie mkuu wako waziwazi. Ni afadhali uanze baada ya miezi michache, au uanzie kwenye rasimu na si kwenye vikao, kuliko kubeba msiba wa wengine juu ya wako na kuuita ukosefu wa kipaji.